Siku moja Dar: makumbusho na mafundi wa sanaa
Mkuu, kama una siku moja tu Dar na unataka makumbusho pamoja na mafundi wakiwa kazini, anza asubuhi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Usikawie sana.

Muda wako upeleke Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama zenye rangi kali, jirani na Morogoro Stores. Wanatumia rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango, na tabaka la kwanza lazima likauke kabla ya kuongeza madoa ya chui. Harufu utaisikia kabla hujaona picha!

Vinyago malizia Mwenge. Mpingo halisi ni mzito. Ukitilia shaka, futa kitako cha kinyago kwa kitambaa chenye maji; kama ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu, weusi unaweza kutoka.