Kabla ya kumfundisha mtoto nusu, mwonyeshe kizima

Wiki hii dada mmoja kaniandikia. Binti yake yuko darasa la tatu, na kwenye daftari lake la Hisabati kuna swali la kujumlisha nusu na robo. Mtoto kaandika 2/6. "Shikamoo mwalimu. Nimemwelekeza mpaka nimechoka, na fimbo kala, lakini wapi. Nadhani hesabu si fungu lake."

Marahaba mwanangu. Fimbo iweke chini kwanza, tuongee.

Binti yako kajumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, kama alivyozoeshwa kujumlisha namba nyingine zote tangu darasa la kwanza. Akili anayo. Lakini itazame hiyo 2/6 kwa utulivu: ukiirahisisha ni theluthi. Mtoto kaanza na nusu, kaongezewa robo, kaishia na theluthi, ambayo ni ndogo kuliko ile nusu aliyokuwa nayo mwanzo. Kaongezewa, kapungukiwa! Mtoto huyo huyo ukimfanyia hivyo kwenye chapati atalia mpaka majirani waje. Kwenye daftari hakulia kwa sababu haoni kitu chochote pale, anaona tarakimu nne na mistari miwili.

Nimefundisha madarasa ya chini Tanga kwa miaka mingi, kwenye madarasa ambayo watoto wanabanana wanne dawati moja na zana ya kufundishia ni chaki. Mchoro tuliokuwa tunauchora sote ni ule ule: duara limegawanywa vinne, kimoja kimepakwa. "Hii ni nini?" Darasa zima: "Robo!" Siku moja nikachora mstatili nikaukata vinne ovyo, kipande kimoja kikubwa kama mlango na vitatu vyembamba kama ufito, nikapaka kimoja chembamba. "Robo!" Sauti ile ile, furaha ile ile. Hapo ndipo nilipojua kwamba wanahesabu vipande tu. Kama vinalingana, na ni vipande vya nini, hilo halikuwahusu.

Basi kesho yake nikaenda darasani na doti ya khanga, mpya, haijakatwa. Akina mama mnaijua inavyotoka dukani: kitambaa kimoja kirefu, miji miwili (mji ni ile sehemu ya katikati ya khanga), pindo kila upande, na jina limejirudia mara mbili. Nikaitandaza ubaoni, watoto wawili wakanishikia ncha. Nikauliza, hiki ni kitu kimoja au viwili? Kimoja, mwalimu. Kinaitwaje? Doti. Nikatoa mkasi. Wasichana wa mbele waliguna, maana wanajua bei ya khanga. Nikakata katikati, nikapandanisha vile vipande viwili mbele yao ili waone hakuna kilichozidi mwenzake. Kila kimoja? Nusu doti.

Kisha nikajifunga kimoja kiunoni. "Haya, mwalimu kajifunga nusu?"

Kimya. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye siku zote nilidhani anasinzia, akasema, "Umejifunga nzima."

"Nzima ya nini?"

"Ya khanga."

"Na nusu ya nini?"

Akafikiri. "Ya doti."

Nawaambia, nimehudhuria semina nyingi maishani, wawezeshaji na posho na chai ya saa nne, na hakuna semina iliyonipa kitu kama majibu ya mtoto yule. Kitu kile kile kinaweza kuwa kizima na kinaweza kuwa nusu, inategemea umeamua kizima chako ni kipi. Kibaba kimoja cha mchele ni kibaba kizima, na ni robo ya pishi. Mtoto asiyelijua hilo atahangaika na hesabu za sehemu hadi sekondari.

Sasa nisikilizeni nilicholipwa. Mwenzangu mmoja alipita dirishani, akaenda ofisini kusema nafundisha ushoni. Nikapewa jina, Mwalimu wa Khanga, na mkuu wa shule ile akaniambia mbele ya walimu wote kwamba muhtasari wa somo haukuandika nguo. Walicheka. Imepita miaka na bado nikikumbuka kile kicheko koo linakaza. Ila walipokaribia upimaji wa darasa la nne, wale wale waliocheka walikuja mmoja mmoja, jioni, kuuliza ninafanyaje mpaka watoto wangu hawachanganyi kiasi na asili, yaani namba ya juu na namba ya chini. Niliwaelekeza. Sikuwaazima khanga lakini.

Na nyinyi wazazi msijione mko nje ya kesi hii. Mnalipa twisheni, mnanunua mabango ya rangi, na mtoto huyo huyo kila siku mnamtuma kwa Mangi akalete robo ya sukari na nusu mkate. Anamwona Mangi anakata mche wa sabuni kwa jicho, na kama ni mjanja anadai apewe kipande kikubwa. Akirudi nyumbani muulize: robo ya nini? Robo ya kilo. Nusu ya nini? Ya mkate. Sabuni hii ni robo ya mche kweli, au kakupunja? Apange vipande aone kama vinne vya namna hiyo vinarudisha mche. Swali ni hilo hilo kila siku, nusu ya nini, robo ya nini, mpaka akuchoke.

Kulingana kwa vipande hakuna haja ya kukuhubiri sana, watoto wana wivu wa kutosha. Mpe mmoja kisu, na mwenzake awe wa kwanza kuchagua. Utaona mkataji anavyopima kwa kucha.

Jambo ambalo walimu wengi tunaliruka ni kurudisha. Tunakata, tunakata, tunakata, hakuna anayeunganisha. Ndiyo maana mtoto akikutana na 4/4 anashangaa kama kaona jini. Chapati ikishakatwa robo nne, kabla haijaliwa, virudi vyote kwenye sahani vigusane. Hesabuni kwa sauti: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne. Zote nne? Chapati nzima. Robo mbili je? Aweke nusu juu yake aone inavyofunika. Asimwamini mama, aamini macho yake.

Hapo ndipo swali la binti yako linapojibika bila fimbo. Weka nusu ya chapati, pembeni weka robo. Muulize hivi vina ukubwa mmoja? Havina. Basi haviwezi kuhesabiwa pamoja bado. Ile nusu ikate iwe robo mbili. Sasa hesabu: robo tatu. Asili imebaki 4 kwa sababu chapati ni ile ile, iliyogawanywa vinne. Hakuna chapati ya vipande sita mezani. Muulize hiyo sita aliyoiandika aliitoa wapi, na mwache acheke mwenyewe.

Karatasi nayo inafaa. Kunja mara moja, nusu. Mara ya pili, robo. Mara ya tatu, thumni, yaani 1/8. Mtoto anaona kabisa kwamba namba ya chini inakua na kipande kinapungua, kama wageni wanavyoongezeka na sahani ni ile ile. Waislamu wenzangu, thumni mnayo kwenye mirathi: mume akifa na kuacha mtoto, fungu la mjane ni thumni, na asipoacha mtoto ni robo. Nimekutana na watu wazima wenye shahada wanaoamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa nane inaizidi nne. Hao wakae mbali na mali ya mayatima, tafadhali.

Theluthi usiiguse kwanza. Karatasi inakubali nusu kwa urahisi, theluthi inakataa, na mtoto atakunja na kukunjua mpaka karatasi ichakae na pande bado hazilingani, aone yeye ndiye mjinga. Subiri nusu, robo na thumni zikae. Zikikaa, chukua trei ya mayai. Ni mayai 30, hivyo theluthi ni mayai 10, na hakuna haja ya kukata kitu. Ila muulize kwanza ni theluthi ya nini, kwa sababu hapo kizima si yai.