Njegere kwa mjamzito mwenye damu ndogo: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kama njegere zinaongeza damu, maana mkeo ni mjamzito, nyama haimpandi kabisa na kliniki wamesema damu yake iko chini. Mimi napika chakula cha kuuza hapa Dodoma, na njegere ni mboga yangu ya kila wiki, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Zinasaidia, ila usizitegemee peke yake. Gramu 100 za njegere mbichi zina chuma kama miligramu 1.5 na foleti (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) kama mikrogramu 65. Mjamzito anahitaji chuma miligramu 27 kwa siku na foleti mikrogramu 600. Piga hesabu mwenyewe. Vidonge vya FEFO (vya chuma na foleti) alivyopewa aendelee navyo, na kama vinamchafua tumbo arudi kliniki akaseme, asiviache kimyakimya. Hili nawasihi sana hata wateja wangu.

Kinachoniuma ni kuona njegere zinafanywa pambo la pilau. Punje kumi na mbili juu ya wali hazimfikishi popote. Mpikie kama mboga, bakuli zima, ale na ugali. Gramu 100 zina protini zaidi ya gramu 5, na nyuzinyuzi kiasi hichohicho, ambazo zitamsaidia pia kupata choo, maana FEFO hufungisha wengi. Tena ugali wetu wa mtama au uwele una upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, na njegere zinayo ya kutosha. Njegere nazo zina methionini kidogo, ambayo ni kijenzi kingine cha protini, na nafaka inajazia. Kwa mtu asiyekula nyama, sahani hiyo ni ya maana sana.

Mimi napika hivi. Nachemsha njegere kwa maji ya kuzifunika tu, mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole inapondeka. Pembeni nakaanga kitunguu, kitunguu saumu, karoti na nyanya mpaka nyanya iive kabisa. Nazi huku inatoka mbali na bei yake si ya kila siku, lakini karanga tunazo. Koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu ziwe kama uji mwepesi, mimina, punguza moto na usiache mwiko, maana karanga hushika chini upesi. Kisha tia njegere, na chache ziponde ubavuni mwa sufuria ili rojo iwe nzito. Chumvi mwisho.

Usisahau ndimu. Chuma cha mimea mwili haukichukui kirahisi kama cha nyama, na vitamini C ndiyo inayokisaidia. Njegere mbichi zinayo, ila nyingi hupotea kwenye kuchemsha, kwa hiyo mkamulie ndimu akiwa anakula, au mwekee kachumbari. Chai asinywe na chakula. Asubiri saa moja au mbili, kwani inazuia chuma.

Sokoni, nunua zenye maganda kama unazipata. Njegere hupenda baridi, kwa hiyo nyingi tunaletewa kutoka nyanda za juu kama Iringa, Njombe na Lushoto, na tangu zichumwe sukari yake inaanza kugeuka wanga. Ganda zuri ni la kijani kibichi, ukilivunja linalia. Zilizomenywa tayari, chukua punje moja uisugue: ikitoka ngozi na kugawanyika mapande mawili, mara nyingi ni kavu iliyolowekwa. Si mbaya kiafya, ina protini vizuri tu, ila usiilipie bei ya mbichi. Nunua kavu mwenyewe, loweka usiku kucha na umwage yale maji, gesi itapungua tumboni.

Kwa mdau aliyeuliza juu ya mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda: njegere zina vitamini K, inayosaidia damu kuganda, kwa hiyo asizizidishe wala kuziacha ghafla. Ale kiasi kilekile alichozoea na amweleze daktari wake.

Na kama mkeo hata harufu ya kitunguu cha kukaanga inamshinda, usilazimishe rojo. Mchemshie njegere na karoti, chumvi kidogo, ziponde, kamulia ndimu. Awe anakula kidogokidogo mchana kutwa, zikiwa za vuguvugu. Zikiwa za moto sana harufu inapanda.