Kabla hujaenda kusoma Kirusi Saint Petersburg: maswali na majibu

Nilisoma Kirusi Saint Petersburg, na msimu wa ufadhili ukifika maswali huwa mengi. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Nimepata ufadhili wa serikali ya Urusi lakini sijui Kirusi hata kidogo. Mwaka mmoja wa maandalizi utatosha? (Msomaji, Mwanza)

Utatosha kukuingiza darasani. Kumwelewa mhadhiri anayesema haraka kutachukua muda zaidi, usivunjike moyo. Herufi zote 33 zijue kabla hujapanda ndege, hasa zile zinazofanana na zetu: P husomwa "r", H husomwa "n", C husomwa "s". Sarufi itakutisha mwanzoni, maana nomino hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na njia zenyewe ni sita. Lakini wewe umekua ukisema kitabu kizuri, vitabu vizuri, embe zuri. Upatanisho umo damuni mwako. Kivumishi cha Kirusi nacho hufuata nomino yake, ila hugeuka mwishoni badala ya mwanzoni.

Kinachotutesa zaidi ni mkazo. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho; wao mkazo wao unahamahama, na "o" isiyo na mkazo hutamkwa karibu na "a". Kila neno jipya liandike na alama ya mkazo tangu siku ya kwanza.

Hosteli nzima tunaongea Kiingereza na Kiswahili tu. Kirusi changu hakisogei. (Msomaji, Mombasa)

Toka, mdogo wangu. Shuka kituo cha Vladimirskaya cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi, uingie soko la Kuznechny lililo jirani. Wauzaji wengi wa asali na matango ya kuchachushwa watakuonjesha. Onja, kisha uliza bei, kisha omba nusu kilo. Sentensi hiyo moja ina namba, kipimo na nomino iliyogeuka mwisho, na ukikosea muuzaji atairudia kwa usahihi huku akipima. Kesho yake rudi kwa muuzaji yuleyule.

Jambo jingine ambalo wengi wetu hawalijui: chuo kikuu cha serikali cha mji huo kinafundisha Kiswahili katika kitivo chake cha mashariki. Kuna Warusi pale wanaotafuta mtu wa kuongea naye. Watafute, mgawane muda, nusu saa Kiswahili, nusu saa Kirusi.

Mwanangu anataka kwenda, nami naogopa vita. (Mama, Dodoma)

Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi. Januari 2023 Tanzania ilipokea mwili wa kijana wake aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, kisha akaahidiwa msamaha akikubali kupigana. Alifia Ukraine Oktoba 2022. Mwambie mwanao asisaini karatasi yoyote ya Kirusi asiyoielewa, na akiahidiwa kazi ya mshahara mnono au uraia wa haraka akatae. Visa na usajili wake wa uhamiaji visipitwe na muda hata siku moja, na namba ya ubalozi awe nayo. Akishindwa kukuahidi haya, mzuie.

Kadi yangu ya Visa itafanya kazi? (Msomaji, Kampala)

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Nenda na fedha taslimu za kuanzia, na ufungue akaunti huko mapema.

Sina hela ya kutalii. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Anza kwa miguu. Barabara ya Nevsky ina urefu wa kilomita 4.5 hivi, itembee yote, ukisoma kila kibao kwa sauti. Ukichoka, shuka kituo cha Admiralteyskaya, kilicho mita 86 chini ya ardhi. Ngazi zake za umeme ni ndefu kiasi kwamba unamaliza kusoma matangazo kadhaa kabla hujafika chini.

Kisha nenda Moika 12, nyumba alimofia Pushkin mwaka 1837, ambayo sasa ni makumbusho. Mshairi huyu wanayemtukuza kuliko wote alikuwa kitukuu wa Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto kwenye himaya ya Peter Mkuu, mfalme wa Urusi. Ukisimama pale ukiwa Mwafrika, unaona ule mji kwa jicho jingine. Tembea sana Juni, usiku unapokuwa mweupe, yaani giza haliingii kabisa, kwa sababu siku zilizo fupi kabisa za Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita.

Ni kweli madaraja hufunguka usiku? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli. Kuanzia Aprili hadi Novemba madaraja ya mto Neva huinuliwa ili meli zipite; Daraja la Ikulu huinuliwa baada ya saa saba usiku, wakati metro nayo imeshafungwa. Kama hosteli yako iko kisiwa cha Vasilievsky, angalia ratiba kabla hujatoka. Ukichelewa, kaa na wenzako sehemu yenye watu hadi metro ifunguliwe asubuhi.