Mnaohamia Linux, someni kwanza ndipo mbonyeze

Tangu Microsoft iache matengenezo ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye ThinkPad ya mtumba yenye Intel ya kizazi cha sita au cha saba anabisha hodi kwetu watumiaji wa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Karibuni. Mashine zenu Windows 11 imezikataa na bado zina nguvu tele. Lakini wadogo zangu, mbona makosa ni yale yale? Mtu analeta picha ya skrini nyeusi. Unamuuliza iliandika nini kabla hujabonyeza, anakujibu, "Sikumbuki, kaka, nilibonyeza tu."

1. Kabla ya kupiga Linux, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje. D siyo diski ya nje! D na C mara nyingi ni diski moja iliyogawanywa. Na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, nakili ufunguo wake kwenye karatasi kabla hujagusa chochote kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka.

2. Weka Mint, utulie nayo. Kuna kijana hapa hubadilisha distro (aina za Linux, kama Mint, Ubuntu au Arch) kila wikiendi, na hadi leo hajui folda yake ya Downloads iko wapi. Arch haikimbii, utaikuta.

3. Wenye kadi ya picha ya Nvidia na Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowaka pamoja na kompyuta) imewashwa: ukiweka driva, utaombwa utunge nywila, kisha kompyuta ikiwaka upya italeta skrini ya bluu inayosubiri sekunde chache tu. Pale unachagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa driva, na kuiandika nywila ile. Ukiipita, driva haipandi, halafu mnasema Linux haiwezi gemu.

4. Usitoe kifurushi (programu au sehemu ya mfumo) usichokijua kazi yake. Hapa nikae kidogo, maana lilinikuta mwenyewe. Nilikuwa na Ubuntu, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na somo lilitaka toleo jipya kuliko lililokuwemo. Akili yangu ilikuwa bado ya Windows: la zamani unalitoa kwanza, ndipo unaweka jipya. Nikaandika sudo apt remove python3; apt ndiyo inayoweka na kutoa vifurushi. Terminali ikamwaga orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka, na ubuntu-desktop, yaani disktopu yenyewe, ilikuwemo humo, imeandikwa bila kujificha. Apt haikunidanganya hata herufi moja. Ilinitajia kila kitakachokwenda, ikanieleza na nafasi nitakayopata kwenye diski, kisha ikasubiri. Mimi niliyelelewa na Next, Next, Finish nilisoma ile nafasi peke yake. Nikafurahi. Nikabonyeza Y.

Ubaya wake, mashine haikufa palepale. Programu zilizokuwa zimeshafunguka ziliendelea kufanya kazi, nikajiona fundi. Nilipoizima na kuiwasha ndipo nikakutana na maandishi meupe kwenye weusi, yananiomba jina na nywila. Disktopu hakuna. Alama ya Wi-Fi ya kubofya hakuna, na nmcli, amri ya kuunganisha mtandao, wakati ule hata kuisikia sikuwa nimeisikia. Nikaanza kumwambia kila mtu kwamba Ubuntu imeharibika yenyewe. Hata fundi nilimwambia hivyo, naye akataka kunirudishia Windows siku hiyohiyo. Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu. Alichomeka simu yake kwa waya wa USB, akagawa intaneti, akaandika sudo apt install ubuntu-desktop. Bando lake likaisha katikati, nikaenda kumnunulia jingine. Disktopu iliporudi akafungua /var/log/apt/history.log, akanionyesha amri yangu mwenyewe, pamoja na tarehe na saa. Sikuwa na la kusema.

Basi Python ya mfumo haiguswi, maana disktopu na vingine vingi vinaitegemea. Toleo jipya linawekwa pembeni, na kila kazi iwe na venv yake, yaani chumba chake cha Python kilichotengwa. Na msidhani huu ni ushamba wa wanafunzi tu. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule wa YouTube, alikuwa anaweka Steam, duka la gemu la Valve, kwenye distro ya Pop!_OS, hitilafu ya vifurushi ikaifanya apt itake kuondoa disktopu. Ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika! Baadaye apt ikarekebishwa ili jambo hilo lisifanyike kirahisi vile.

5. Gemu. Proton, inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, iliyotolewa na Valve mwaka 2018, imemaliza kazi kubwa: gemu nyingi za Windows zilizoko Steam unabonyeza, zinacheza. Kikwazo ni programu za kunasa wadanganyifu mtandaoni. Valorant na Fortnite hazichezi. Apex Legends ilifunga mlango mwaka 2024. GTA V ya hadithi inacheza, ila Online ilikatika Septemba mwaka huohuo. EA FC za karibuni nazo zinagoma, na najua hili ndilo linalowauma. Angalia ProtonDB, tovuti ya kujua gemu ipi inacheza, kabla ya kupakua, siyo baada ya kuteketeza bando. Gemu zikae kwenye diski yenye ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux; ukiziacha kwenye NTFS, ule wa Windows, Proton itakusumbua.

Mwenye ligi yake ya EA FC na wenzake abaki na Windows kwenye diski ya pili, hakuna atakayemcheka. Ila azime Fast Startup, mbinu ya Windows ya kuwaka haraka, la sivyo Linux itaifungua patisheni (sehemu ya diski) ile ya Windows kwa kusoma tu, ikatae kuandika, naye akimbilie kununua diski mpya wakati ya zamani ni nzima.