Alfa haifiki 0.7? Usifute swali hata moja kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe wa binti anayesoma shahada ya uzamili. "Shikamoo mwalimu. Nimetumia kipimo cha Rosenberg cha kujithamini kwa wanafunzi wa sekondari, alfa imegoma kufika hata 0.5. Msimamizi ameniambia nifute maswali mabaya mpaka ifike 0.7, halafu niendelee na sura ya nne. Nifanye hivyo?"

Marahaba mdogo wangu. Usifanye hivyo. Kwa asiyeijua, alfa ya Cronbach ni namba inayoonyesha maswali ya kipimo yanakwenda pamoja kiasi gani; ikikaribia 1, yanakwenda pamoja sana. Na wewe msomaji mwingine, ambaye najua unaitaka shahada ya uzamivu na makala kwenye jarida la maana kama nilivyozitaka mimi, soma mpaka mwisho.

Nilipopeleka pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo, niliomba muda wa kukijaribu upya kipimo hichohicho kwa wanachuo wa ualimu kabla ya kukitumia. Mwanajopo mmoja, mtu mwenye jina kubwa, akaangua kicheko. Akauliza kama najiona namzidi Rosenberg. Kipimo kinatumika dunia nzima tangu 1965, wewe binti wa juzi ndiye wa kukihakiki? Chumba kizima kikacheka naye. Miaka imepita, nimeshaitwa daktari, na bado nikifungua SPSS, programu ya takwimu, kicheko kile hunirudia. Simtaji. Akisoma hapa atajijua.

Siku ile mdomo ulinikauka, kwa hiyo jibu lake nampa leo. Rosenberg alikijenga kipimo chake kwa wanafunzi 5,024 wa shule kumi za sekondari katika Jimbo la New York. Aliyoyathibitisha yalihusu majibu ya vijana wale, kwa Kiingereza chao, miaka ile. Mtu huwezi kusema kipimo "ni halali" ukanyamaza hapo. Halali kwa nani, na kwa kazi gani? Mwanachuo wa Morogoro hakuwemo kati ya wale 5,024.

Basi nilifanya kama nilivyotaka. Kabla ya kugawa dodoso nilikaa na wanachuo mmoja mmoja, kila mmoja asome kauli na aniambie kwa sauti anachowaza kabla ya kuweka alama ya vema. Katika utafiti wote ule hakuna kazi niliyoifurahia kama hiyo. Kauli za Rosenberg ni kumi, na tano kati yake zimeandikwa kwa upande hasi. Chukua hii: "Naona sina mengi ya kujivunia." Msichana mmoja alibishana nayo peke yake mbele yangu: "Sina? Ninayo. Kwa hiyo sikubali. Sikubali kwamba sina… au niweke nakubali?" Mwishowe aliweka vema pale ambapo hakukusudia, na alikuwa mmoja wa wenye akili kali darasani.

Mwingine aliweka "nakubali sana" bila kusita. Nilipomuuliza akanishangaa: mtu aliyelelewa vizuri anajivuniaje? Alikuwa na adabu tu, wala hakujidharau hata kidogo, lakini kwenye kompyuta angesomeka kama mtu asiyejithamini kabisa. Kisha kuna ile ya kutamani kujiheshimu zaidi. Kijana mmoja aliikubali kwa sababu alikuwa anajilaumu kurudi bwenini usiku wa manane. Kwake kujiheshimu ni mwenendo, kama tunavyosema mtaani kwamba fulani hajiheshimu. Rosenberg alikuwa anauliza kitu kingine kabisa.

Na usidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2005 Schmitt na Allik walichapisha utafiti wa kipimo hichohicho katika mataifa 53, watu 16,998, lugha 28, na wakaona kauli hasi zinaeleweka tofauti kutoka taifa moja hadi jingine. Nilipousoma nilitamani kuuchapa na kuuacha mlangoni kwa yule bwana.

Makala yangu ilipokwenda kwenye jarida, kilichosifiwa na wahakiki wote ni mazungumzo yale. Majedwali niliyoyakeshea hayakutajwa.

Sasa hiyo alfa yako. Kwanza kabisa, angalia kama umegeuza alama za kauli zile tano hasi, yaani "nakubali sana" ipate alama ndogo badala ya kubwa. Usipozigeuza, kauli zinavutana, alfa inaporomoka na inaweza kwenda chini ya sifuri. Asilimia kubwa ya wanaoniandikia wakilia tatizo lao huishia hapo. Kama umegeuza na bado iko chini, tazama kila kauli inavyokwenda na jumla ya nyingine. Zile zinazokwenda kinyume zichukue, rudi nazo kwa watu, kaa nao, waulize. Narudia: kaa nao. Kompyuta itakuonyesha kauli gani inasumbua, lakini sababu anayo aliyejibu.

Ukifuta mpaka ufike 0.7, umebaki na kipimo gani? Pengine kauli nne zinazouliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Alfa hupenda sana hilo. Ukiuliza swali moja kwa namna kumi itapanda na jopo litakupongeza, nawe utakuwa umepima kipande kidogo cha ulichodai kupima. Hiyo 0.7 yenyewe watu wanaiapia bila kujua ilikotoka. Nunnally, mtaalamu wa vipimo anayetajwa kila mahali, mwaka 1978 aliitaja kwa utafiti ulio katika hatua za mwanzo. Pale ambapo majibu yataamua jambo la mtu mmojammoja alitaka 0.90 kwenda juu. Naye Cronbach mwenyewe, katika makala iliyotoka 2004 baada ya kifo chake, alisema haoni tena kwamba kanuni ya alfa ndiyo inayofaa zaidi kwa data nyingi. Mwenye alfa yake kasema hivyo, sisi tunaing'ang'ania.

Kurudia kipimo kwa watu walewale baada ya wiki mbili ni kuzuri, ila angalia kalenda. Matokeo ya mtihani yakitoka katikati, watu wenyewe wanabadilika, halafu unakilaumu kipimo kwamba hakina uthabiti.

Kwa wanaopima sonona kwa dodoso la PHQ-9 nitakuwa mkali zaidi, maana hapa kuna wagonjwa. Maswali yake tisa yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla ni 0 hadi 27, na alama 10 ndiyo mstari wa kumhesabu mtu kuwa na sonona ambao wengi wanaunakili. Mstari ule ulitoka Marekani mwaka 2001 katika utafiti wa wagonjwa 6,000, na 580 kati yao walihojiwa upya na wataalamu wa afya ya akili. Majibu ya dodoso yalilinganishwa na mahojiano hayo, ndipo ikaonekana kwamba alama 10 inawanasa asilimia 88 ya wenye sonona kubwa. Wewe unawapelekea wauguzi wa zamu ya usiku, au mama mwenye mtoto wa miezi miwili, unawauliza kama wanapata shida ya kulala na kama wanachoka. Watasema karibu kila siku, na watakuwa wamesema kweli. Hapo alfa inaweza kutoka nzuri kabisa na bado nusu ya uliowaita wagonjwa wakawa wamechoka tu. Tenga fungu la bajeti, sehemu ya watafitiwa wako waonwe na daktari wa afya ya akili asiyejua walipata alama ngapi, kisha linganisha. Ukikosa daktari, kwenye tasnifu andika "waliopata alama 10 na zaidi". Usiandike "wenye sonona".