Maswali ya Wafugaji: Joto la Mashine na Joto la Banda

Nina mashine ya kutotoleshea ya mayai 56, haina feni. Kipimajoto kinasoma 37.5 siku zote, lakini vifaranga hutoka siku ya 22 au 23, wengi wana matumbo makubwa, na wengine hudonoa kisha wakafia ndani. Aliyeniuzia mashine anasema mayai ndiyo mabovu. (Mfugaji, Njombe)

Usimlaumu jogoo wala muuza mayai kabla hujaangalia kipimajoto kimekaa wapi. Nyuzi 37.5 ni kipimo cha mashine yenye feni, ambayo huzungusha hewa joto likawa sawa juu na chini. Yako haina, kwa hiyo hewa ya moto hupanda na kukusanyika kwenye kifuniko. Kipimajoto kikining'inia huko juu kinasoma joto la kifuniko, ilhali mayai yamelala kwenye hewa iliyopoa zaidi. Kuchelewa hadi siku ya 23 ni ushahidi tosha: joto pungufu huchelewesha, na lililozidi huwatoa siku ya 19 au 20 wakiwa wadogo, vitovu havijafunga.

Shusha kipimajoto hadi ncha yake iwe usawa wa migongo ya mayai bila kugusa ganda, kisha rekebisha mpaka kisome kati ya 38.3 na 38.9. Ila kihakiki kwanza. Tia ncha yake pamoja na ya kipimajoto cha homa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hivi. Vikitofautiana, amini cha homa.

Wanaodonoa na kufa, mara nyingi tatizo ni unyevu. Uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu upandishe hadi 65 au 70. Siku hiyo ya 18 mulika mayai machache kwa tochi: nafasi ya hewa upande ule butu iwe imefika karibu theluthi ya yai. Ikiwa ndogo, maji yalizidi mapema, na kifaranga atakosa pa kuvutia pumzi ya kwanza. Hao wa matumbo makubwa nao huenda wanatokana na hilo, mbali na joto pungufu. Siku tatu za mwisho usigeuze mayai wala usifunue mashine. Najua hamu ya kuchungulia, lakini kila ukifunua unyevu unatoka, utando wa ndani unakauka na kumng'ang'ania kifaranga, asiweze kujizungusha avunje ganda.

Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, iweke mashine chumba cha ndani, mbali na dirisha na mlango.

Umeme ukikatika saa tatu au nne, nifunike mashine au niifungue?

Inategemea umri wa mayai. Wiki ya kwanza funika kwa blanketi, usifungue. Kiinitete kichanga huvumilia kupoa, kinachelewa tu. Kuanzia siku ya 16 hivi vifaranga walio ndani hutoa joto lao wenyewe na wanahitaji hewa nyingi, kwa hiyo funika pembeni ila matundu ya hewa yabaki wazi. Kwenye mashine kubwa iliyojaa, feni ikisimama, hatari ni mayai kupata joto kupita kiasi. Umeme ukirudi, usitupe mayai siku ya 21; ngoja siku moja au mbili.

Nimesikia ukipandisha joto la mashine unapata mitetea wengi. Ni kweli? (Pangani)

Kwa kuku si kweli. Jinsia ya kifaranga huamuliwa na kromosomu za mama, hata kabla ganda halijaundwa. Ukipandisha joto hadi 40 na kuliacha hapo, utaua wengi bila kubagua.

Huenda uvumi huo ulianzia kwa kasa, na kwao ni kweli kabisa. Mayai yao hukaa mchangani siku 50 hadi 60, na joto la theluthi ya katikati ya muda huo ndilo huamua. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko, mchanga ukipoa zaidi madume huongezeka, ukipata joto zaidi majike. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu kasa wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya wachanga ni majike. Hapo kivuli cha miti nyuma ya ufukwe kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kila Februari maganda ya mayai yanakuwa laini, ingawa chakula ni kilekile. (Tanga)

Kuku hana jasho. Hujipoza kwa kuhema. Akihema sana hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapungukiwa kaboneti, na ganda la yai ni kalsiamu kaboneti. Pia mchana wa joto hula kidogo, kwa hiyo kalsiamu nayo inapungua.

Lisha alfajiri na baada ya saa kumi jioni. Jioni ongeza chenga za makombe, si unga, kwa sababu sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, na chenga hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole. Tangi la maji lihamie kivulini. Maji ya moto hawayanywi. Bati lifunike kwa makuti.