Kabla ya React au Vue, shika kwanza simu ya mteja

Ndugu mwanzisha uzi, umeeleza kuwa umemaliza miezi sita ya HTML, CSS na JavaScript, yaani lugha za kutengenezea kurasa za tovuti, na sasa unataka kujua kama usome React au Vue, nyenzo za JavaScript zilizoandikwa tayari, ili upate kazi za kutengeneza tovuti. Nimefanya kazi hii kwa miaka tisa, mingi nikiwa nimejiajiri hapa Dar es Salaam, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniuliza nimetumia nyenzo gani. Karibu malalamiko yote niliyopokea yalianzia kwenye simu ya mtu.

Tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya nyumba ya wageni. Niliitengeneza kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na intaneti ya kasi, nikairidhia. Siku ya kukabidhi, mwenye nyumba alitoa simu yake ya bei ya chini, akaandika anwani, kisha tukakaa sote wawili tukitazama ukurasa mweupe. Picha ya juu, niliyoipachika kama nilivyoipokea kwa mpiga picha, ilikuwa na MB 6 na upana wa pikseli zaidi ya 5,000, ilhali kioo cha simu ile kilikuwa na pikseli 720 tu. "Kijana," akaniambia, "hii itammalizia mgeni bando kabla hajaona chumba." Jioni ile niliipunguza hadi pikseli 1,200, nikaihifadhi kwa WebP, muundo wa faili unaobana picha, ikabaki na KB 140 hivi, na mwenyewe hakuona tofauti yoyote. Tangu hapo kila picha naiandikia width na height (upana na kimo chake) ndani ya HTML, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema na maandishi yasiruke mtu anapokaribia kubonyeza kitufe.

Fomu ndizo zilizonifundisha kwa aibu zaidi. Sehemu ya namba ya simu niliiwekea type="number", yaani kisanduku cha namba za hesabu, nikiamini kwamba namba ni namba. Msimbo wangu ukaigeuza kuwa tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo ikapotea, na aliyeanza na +255 akakataliwa na fomu bila kuelewa kosa lake. Jibu lilikuwa type="tel", aina ya kisanduku cha namba za simu: neno moja tu.

Katika fomu hiyo hiyo kulikuwa na kisanduku cha saa ya kufika. Mgeni mmoja kutoka nje aliandika 8:00 akimaanisha asubuhi. Mhudumu, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, alisoma saa nane, akamtuma dereva mchana, na mgeni akawa amekaa kituoni na mabegi yake saa sita nzima. Siku hizi siachi kisanduku kitupu cha saa: naweka orodha ya kuchagua, na kila mstari unasema kwa mfano "saa 2 asubuhi, yaani 08:00". Somo hilo sijalikuta katika kozi yoyote ya mtandaoni, kwa kuwa wanaozitunga hawahesabu saa kama sisi.

Kuhusu rangi sina mengi. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hupendeza ofisini na hupotea juani, kwa hiyo mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unaotaka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida uufuate bila ubishi.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Ikiwa unatafuta ajira kwenye kampuni, soma React, kwa sababu matangazo mengi ya kazi ninayoyaona huitaja. Ikiwa unataka wateja wadogo wa mtaani, HTML na CSS unazozijua zinatosha kuanzia. Nunua simu ya Android iliyotumika, izimie Wi-Fi, itoe nje juani, umpe mtu asiyekujua aijaze fomu yako, nawe ukae kando bila kumwelekeza.